Matairi manne ya mama mdogo: Premio, mvua ya kwanza na barabara ya Kondoa

Mama mdogo aliingia gerejini Jumatatu asubuhi, siku mbili baada ya mvua ya kwanza ya Desemba 2022, akiwa mkimya kuliko kawaida yake. Premio yake ilikuwa na udongo mpaka kwenye taa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, akakaa kwenye kigoda cha wateja, kisha akasema: "Mwanangu, juzi kidogo niue mtoto wa watu."

Alikuwa akitoka Kondoa. Ameshaipita Mayamaya, anaelekea mjini, mwendo anaukadiria kama 80. Manyunyu yalikuwa yameanza dakika kumi hivi, baada ya miezi zaidi ya saba ambayo lami ile haikuonja tone. Mbele yake ng'ombe wakavuka, na nyuma yao kijana mchungaji. Akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Pedali ikatetemeka chini ya mguu, stelingi akaing'ang'ania, lakini gari likaendelea mbele kama halijaambiwa kitu. Likapita pale ng'ombe walipokuwa wamesimama sekunde chache kabla, kijana akaruka pembeni, na gari likaishia pua mtaroni. Hakuna aliyeumia, wala ng'ombe. Wanakijiji walimsaidia kulitoa, na kijana yule yule akawa wa kwanza kusukuma.

Alikuja akiwa na uhakika kwamba breki zimekufa. Nilizifungua zote nne mbele ya macho yake. Pedi zilikuwa na nyama ya kutosha, diski hazina mikwaruzo mikubwa, mafuta ya breki safi, na kule kutetemeka kwa pedali ni ABS ikifanya kazi yake: magurudumu yanataka kufunga, mfumo unayaachia na kuyakamata tena mara nyingi kwa sekunde moja. Breki zilishika vizuri. Ambacho hakikushika ni kile kinachogusa ardhi. Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu katika miaka yangu tisa ya kufunga magurudumu hapa Dodoma nimekutana na sura yake kila mvua zinapoanza, na karibu kila mara mwenye gari amekwisha kulipia kitu kingine kabla hajayatazama matairi yake.

Mama mdogo naye alikuwa amelipia. Tangu Agosti gari lilikuwa na mvumo. Akifika 60 linaanza, akifika 90 inabidi apaze sauti kuzungumza na abiria. Gereji moja ilimbadilishia beringi ya mbele kulia. Mvumo haukuondoka. Gereji nyingine ikambadilishia ya nyuma kushoto. Haukuondoka. Aliponisimulia hayo nilimwomba ufunguo, tukaenda kulijaribu barabara ya Singida, tukapita Nala.

Kutofautisha beringi na tairi hakuhitaji mashine, kunahitaji sikio na kipande cha barabara kisicho na watu. Beringi iliyochoka hubadilisha sauti unapolilaza gari upande mmoja: ukikata stelingi kidogo kushoto, uzito unahamia kulia, na beringi ya kulia inalalamika zaidi. Tairi halijali sana jambo hilo. Tairi linajali lami. Ukitoka kwenye lami moto iliyolazwa laini ukaingia kwenye lami ya kumwagwa yenye kokoto juu, sauti ya tairi hugeuka papo hapo, wakati beringi huendelea na wimbo wake ule ule. Na ukiweka gia huru gari likiwa kwenye mwendo, injini ikashuka lakini mvumo ukabaki palepale, umeshaitoa injini kwenye orodha. Kwenye Premio ile, kulaza gari hakukubadilisha kitu. Kubadilika kwa lami kulibadilisha kila kitu.

Tuliporudi nililipandisha gari juu, nikamwita mama mdogo apitishe kiganja chake kwenye uso wa tairi la nyuma kushoto. Kwanza kuelekea mbele: laini. Kisha kurudi nyuma: akautoa mkono haraka. Kila jino la tairi lilikuwa limelika upande mmoja na kubaki na ncha upande wa pili, kama msumeno. Hali hiyo huja sana kwenye magurudumu yasiyosukuma gari, na Premio inasukuma kwa mbele. Ya nyuma yanaburutwa tu. Yasipobadilishana nafasi na ya mbele, na shokapu zikiwa zimelegea, meno yanachongoka kidogo kidogo mpaka kila moja linaipiga lami kama kofi. Shokapu yake ya nyuma kushoto ilikuwa inavuja mafuta. Mvumo wa Agosti ulitoka hapo. Beringi mbili zilikuwa zimetolewa bure.

Nikageukia ubavu wa tairi. Naomba tukae hapa kidogo, maana kisa chote kimeandikwa pale ubavuni.

Kipimo kilikuwa sahihi: 195/65R15 91. Upana milimita 195, urefu wa ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15, na 91 ni msimbo wa uzito, maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 615. Hapo hapakuwa na kosa. Nikatafuta herufi DOT na tarakimu nne za mwisho, zile zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Mawili yalisomeka 4816, wiki ya 48 ya mwaka 2016. Mengine mawili 3515, wiki ya 35 ya 2015. Na juu kidogo ya hapo, kwa herufi kubwa ambazo mtu yeyote angeweza kuzisoma, yote manne yalikuwa yameandikwa STUDLESS.

Nikamuuliza, "Mama, haya uliyanunua wapi?" Aliyanunua Februari mwaka ule kwenye duka moja la matairi ya mtumba hapa mjini. Muuzaji alimwonyesha unene wa meno kwa kuingiza ncha ya kalamu kwenye mfereji, akamwambia ni mali ya Japani, laini, halina kelele, na halijatembea. Yote hayo yalikuwa kweli kwa namna fulani. Neno ambalo hakumwambia ni kwamba ni matairi ya theluji.

Japani, hasa kaskazini, watu wengi wana seti mbili za matairi: moja ya kiangazi, nyingine ya majira ya baridi. Hii ya baridi ndiyo inayoitwa studless. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini hata baridi ikifika chini ya nyuzi 7, wakati mpira wa kawaida unaanza kukakamaa. Meno yake ni marefu na yamekatwakatwa kwa mipasuko myembamba mingi, ili kingo zake zing'ate barafu. Theluji ikiisha mwenye gari anayavua na kuyaweka stoo. Ndiyo maana yanafika kwetu yakiwa na meno manene na miaka mingi: yametumika miezi michache ya kila mwaka. Mengine huja yamefungwa kabisa kwenye gari, na mnunuzi anashangilia kwamba gari limekuja na matairi mazuri.

Sasa yalete Dodoma. Hewa ya mchana inagusa nyuzi 30, na lami iliyopigwa na jua inazidi hewa kwa mbali. Mpira uliotengenezwa kwa ajili ya barafu unalegea. Unapokanyaga breki, yale meno marefu yaliyokatwakatwa yanalala, yanapinda, hayakandamizi lami kwa uso mzima. Ongeza umri. Mpira wa miaka sita au saba umeshapoteza mafuta yake, umeanza kukauka juu. Nilibonyeza kucha kwenye jino la lile la 3515 na kucha haikuacha alama. Kwa hiyo mama mdogo alikuwa na tairi lenye umbo la kulegea na ngozi iliyokauka, yaani hasara mbili kwa bei ya moja. Akisimama ghafla kwenye lami kavu gari linachelewa kidogo, hakuna anayetambua. Kwenye manyunyu ya kwanza anatambua.

Manyunyu ya kwanza yana hatari yao hapa kwetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa huziita mvua zetu mvua za msimu, Novemba hadi Aprili, na kabla ya hapo kiangazi ni kirefu. Miezi yote hiyo lami inakusanya vumbi, matone ya oili na dizeli, na unga wa mpira wa matairi ya wengine. Mvua kubwa ingesafisha. Manyunyu ya dakika kumi hayasafishi, yanakoroga. Kinachobaki ni utelezi mwembamba kama ute wa mlenda, na dereva bado ana mwendo wa kiangazi mguuni.

Mtoto wa mama mdogo, aliyekuja baadaye kumchukua, aliuliza swali zuri: je, gari halikuelea juu ya maji? Nililichukua kwa uzito, kwa sababu lina hesabu yake. Watafiti wa NASA, waliokuwa wakichunguza ndege zinazotua kwenye njia zenye maji, walipata kwamba mwendo ambao tairi lililojaa upepo linaanza kuelea unategemea kipeuo cha pili cha presha yake. Kwa tairi la PSI 32, lililoisha meno, kwenye maji ya kutosha, unakuja kama kilomita 94 kwa saa. Lishushe hadi 24, unakuja kama 82. Nilikuwa nimekwisha kupima upepo wa mama mdogo: la mbele kushoto lilikuwa na 24 kamili, mwiba umo ndani unavujisha taratibu. Kwa hiyo alikuwa karibu na mstari. Lakini meno yake yalikuwa marefu, mifereji iko wazi, na manyunyu ya dakika kumi hayatengenezi dimbwi. Zaidi ya yote, yeye mwenyewe alisema stelingi ilibaki nzito mikononi. Gari likielea, stelingi inakuwa nyepesi ghafla, kama imekatika. Hili liliteleza, halikuelea. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa sababu kwa kuelea ningemshauri mifereji na upepo, na kwa kuteleza ninamshauri mpira.

Akauliza: "Basi ninunue lipi?" Alikuwa na shilingi 750,000, na hiyo ilikuwa fedha ya gunia za mahindi alizoziuza, hakuna nyingine nyuma yake.

Tulizunguka maduka manne siku ile ile. Naeleza tulichokiona kwa bei tulizoambiwa siku hiyo, kwa tairi moja.

La kwanza lilikuwa la mtumba tena, safari hii la kiangazi kweli, 75,000. Tarehe yake 1017. Nililiacha bila kujadili. Tairi la mtumba lina historia usiyoijua: huwezi kuona nyuzi zilizokatika ndani kwa kugonga tuta na upepo mdogo. Watengenezaji wengi husema tairi likifikisha miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na likifikisha kumi litolewe hata kama meno yapo. Kwa jua letu na miiba ya migunga, mimi mwenyewe sivuki sita. Lile la mtumba lingekuwa na miezi mitatu hivi ya kuishi kwa kipimo changu.

La pili lilikuwa jipya la Kichina, 125,000, limetengenezwa miezi mitano iliyopita. Ubavuni lilikuwa na tarakimu 320 na herufi B na A. Huu ni mfumo wa Marekani ambao unachapwa kwenye matairi ya kila mahali. Tarakimu inataja uvumilivu wa kulika, ikilinganishwa na tairi la mfano lenye 100. Lakini anayejipa tarakimu hiyo ni mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo kuilinganisha kati ya kampuni mbili hakufiki mbali. Herufi ya kwanza ni mshiko kwenye lami yenye maji unaposimama kwa mstari ulionyooka: AA, kisha A, B, C. Herufi ya pili ni uvumilivu wa joto, A hadi C. Lilikuwa na A ya joto, jambo zuri kwa Dodoma, lakini B ya mshiko ilinikaa kooni nikimkumbuka yule kijana mchungaji.

La tatu lilikuwa la kampuni kubwa ambayo kila mtu anaijua, 240,000. Muuzaji alilisifu sana, na ni tairi zuri kweli. Nilimwomba anigeuzie upande wa pili. Tarehe: 2219. Limekaa dukani, karibu na mlango, mahali jua la saa nane linapofika, kwa miaka mitatu na nusu. Alikubali kushusha hadi 220,000 na bado nilikataa. Jina kubwa halizuii mpira kuzeeka, na mama mdogo angekuwa ananunua nusu ya maisha ya tairi kwa bei ya maisha yote.

La nne halikuwa na jina ambalo mama mdogo amewahi kulisikia. Bei 170,000, tarehe ya mwaka ule ule wa 2022, na bado lilikuwa na kile kibandiko cha Ulaya juu ya meno. Kibandiko hiki watu wanakichana na kukitupa kabla ya kukisoma. Kilianza mwaka 2012, kikabadilishwa Mei 2021, na sasa kina madaraja A hadi E. Kinasema mambo matatu: matumizi ya mafuta, mshiko kwenye maji, na kelele. Hili lilikuwa na C kwa mafuta, B kwa mshiko, na desibeli 70. B hii isichanganywe na B ya Kimarekani. Ni vipimo viwili tofauti kabisa. Kwa kipimo cha Ulaya, gari likisimama kutoka mwendo wa 80 kwenye lami yenye maji, tofauti kati ya daraja moja na linalofuata ni kama mita 3 hadi 6. Premio ina urefu wa mita nne na nusu na ushei. Daraja moja, gari moja. Nilimwambia mama mdogo ahesabu kwa magari: alihitaji gari moja au mawili tu zaidi pale Mayamaya.

Na kelele? Hapo nilimtahadharisha. Desibeli zinazoandikwa kwenye kibandiko zinapimwa nje, kipaza sauti kikiwa pembeni ya barabara, gari likipita kwa 80 injini imezimwa. Zinamhusu mwenye nyumba iliyo kando ya barabara kuliko aliye ndani ya gari. Desibeli 3 zikiongezeka nguvu ya sauti imezidi mara mbili, kwa hiyo 70 na 73 si jirani kama zinavyoonekana. Lakini kitakachosikika ndani kinategemea pia mlango, zulia, bushi zilizochoka na lami yenyewe. Kwa kelele za ndani kuna kitu unaweza kukitazama kwa macho: pima meno kwa rula ukizunguka tairi. Utakuta mengine ni mafupi, mengine marefu kidogo. Hufanywa makusudi. Meno yote yakilingana, yanaipiga lami kwa mdundo mmoja na unasikia mluzi mmoja mkali. Yakitofautiana, sauti inatawanyika na sikio halichoki.

Jirani yake alikuwa amemshauri achukue tairi la kashata, lile la meno makubwa yaliyoachana, kwa sababu kule kijijini kuna njia ya vumbi. Kilomita saba za vumbi dhidi ya kilomita mia moja na hamsini za lami. Hapana.

Tukapiga hesabu ya thamani kwenye mgongo wa risiti. Kondoa na kurudi ni kama kilomita 320, mara mbili kwa mwezi, na za mjini kama 400. Kwa mwaka anakwenda karibu 12,500. Nikamwambia matairi yatakaa miaka minne. Tofauti kati ya 125,000 na 170,000 kwa matairi manne ni 180,000. Igawe kwa miezi 48, ni shilingi 3,750 kwa mwezi, haifiki lita mbili za petroli. Kuhusu la 240,000, ili lijilipe kwa kutembea tu lingelazimika kudumu karibu mara moja na nusu ya lile la 170,000, na kwa miiba ya kwetu sijaona tairi linaloruhusiwa kuzeeka hivyo. Matairi mengi yanakufa kwa kutobolewa ubavuni kabla meno hayajaisha.

Mzee wetu wa gereji, aliyeanza kazi enzi za matairi ya General Tyre ya Arusha kabla kiwanda hakijasimama mwaka 2009, alileta wazo la nne: anunue mawili ya 240,000 ayafunge mbele, na mawili ya 125,000 nyuma, fedha itatosha. Ninamheshimu mzee, na ndivyo mafundi wengi wanavyofanya, kwa hoja kwamba mbele ndiko kunakosukuma na kukata kona. Nilimwambia kwa adabu kwamba sikubaliani. Mbele kukiteleza, gari linagoma kukata kona. Dereva yeyote anaachia mafuta kwa hofu na mara nyingi gari linarudi. Nyuma kukiteleza, mkia unazunguka na kumpita dereva, na mtu asiye na mazoezi hawezi kuurudisha. Ukilazimika kununua mawili tu, mapya yaende nyuma, hata kama gari linasukuma kwa mbele. Mzee alitikisa kichwa, akasema tumefunga mbele miaka yote. Hatujakubaliana mpaka leo. Ila kwa gari hili alikubali kwamba manne yanayofanana ni bora kuliko mabishano yetu.

Alinunua manne ya 170,000. Na 680,000 hizo zikawa zimeacha 70,000: balansi 20,000, alaimenti 30,000, vali mpya nne 8,000. Zikabaki 12,000. Shokapu mbili za nyuma zilisubiri Januari, kwa fungu jingine, na nilimwambia wazi kwamba zisipobadilishwa meno mapya nayo yatageuka msumeno.

Upepo nilijaza 32 kama kibandiko cha mlango wa dereva kinavyosema, asubuhi, matairi yakiwa baridi. Nilimpa kipimo changu kidogo cha mkononi akae nacho, kwa sababu kwenye vibanda vya barabarani wana tabia ya kujaza 40 na zaidi ili "gari liwe jepesi". Linakuwa jepesi kweli: linakanyaga kwa katikati tu, linaruka kwenye rasta, na linapiga kelele zaidi.

Kabla ya kufunga mapya tulikuwa tumepima mvumo kwa simu ya mama mdogo, vioo vimefungwa, feni imezimwa, mwendo 80. Kwenye lami laini simu ilisoma 72. Baada ya matairi mapya, mahali pale pale, 68. Simu si chombo cha maabara, ila ikijilinganisha yenyewe na yenyewe inafaa. Mama mdogo alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile; akasema anaisikia saa yake ya mkononi. Kisha tukaingia kwenye lami ya kokoto na uso wake ukabadilika. "Mbona huku bado?" Pale ilisoma 73, kutoka 75. Nilimweleza kwamba kokoto zile zinapiga kelele na tairi lolote litakalopita juu yake, na fedha haitazinyamazisha. Naona ni haki mteja alijue hilo kabla ya kulipa, na mimi nilichelewa kulisema.

Mei 2023, baada ya kilomita kama 5,000, alirudi tubadilishane nafasi, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Nilipima kina cha mifereji. Yalianza na milimita 8. Ya mbele yalikuwa 7.2, ya nyuma 7.6, na kiganja kikipita nyuma mbele kilikuwa laini pande zote mbili. Alama za kikomo zimo ndani ya mfereji kwenye milimita 1.6, lakini kwa mvua mimi nasema 3 na mtu aanze kutafuta mapya. Kwa kasi ile, yakibadilishana vizuri, yatafika hapo kwenye kilomita 41,000 hivi. Yaani miaka mitatu na miezi michache. Hesabu yangu ya miaka minne ilikuwa na matumaini mengi. Kwa mwezi tofauti inakuwa kama 4,500. Nilimwambia, akasema bado haifiki lita mbili.

Katika msimu ule alipata pancha tatu, zote miiba, zote njia ya kijijini. Mbili zilizibwa kwa kamba pale pale. Ya tatu ilikuwa karibu na bega la tairi na nilikataa kamba. Nikalifungua, nikaweka kiraka kwa ndani, kwa sababu bega linajikunja kila mzunguko na kamba haikai.

Kuhusu Mayamaya, aliniambia hupunguza hadi 50 kila anapoona wingu, hata matairi yakiwa mapya. Kijana mchungaji humpungia mkono. Mara moja alisimama akampa mkate.

Matairi ya theluji yalibaki nyuma ya gereji wiki mbili. Muuzaji mmoja wa mtumba alipita, akayaona meno, akatoa 30,000 kwa kila moja bila kuuliza lolote. Kwa mama mdogo 120,000 ilikuwa fedha. Alinitazama, akauliza, "Atayapeleka wapi?" Nikamjibu kwamba atayafunga kwenye gari la mtu mwingine. Akakataa. Mwezi uliofuata aliyapakia mawili kwenye Premio na mengine mawili kwenye lori la mpwa wake, akayapeleka Kondoa kwa shemeji yake mwenye mikokoteni ya punda. Mawili yanabeba maji, mawili yanabeba mahindi. Kwenye mchanga, nyuma ya punda, meno yale marefu yanashika vizuri sana.